Rubani Mpya na Viwanja vya Kushukia



Mwezi huu nataka kuwaeleza habari ya kijana mmoja wa kanisa letu aliyepata cheti cha urubani, na jinsi alivyojifunza kuchagua viwanja vya kushukia eropleni. Najua wengine mtasema, Habari hii yatuhusu nini sisi, ambao hata baiskeli twaazima kwa jirani? Lakini ningojeeni nimalize, maana katika habari hii mimi mwenyewe nalikosa, na kosa langu ni kosa la wazazi wengi na la walimu wengi.

Kijana huyu nalimfundisha katekisimo alipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Mama yake ni mjane, muuza korosho, na kijiji chetu kiko bara kidogo, nyuma ya Malindi. Alipomaliza shule akaenda Nairobi, akawa fundi wa injini katika Kiwanja cha Wilson. Mshahara wake akaugawa mafungu matatu: la mama, la chakula, na la masomo ya kuruka. Miaka sita akaweka akiba hivyo, hata akafaulu.

Cheti chake ni cha rubani binafsi. Maana yake, aweza kuruka mwenyewe na kuchukua jamaa na rafiki, lakini hana ruhusa ya kutoza nauli. Sheria ya mataifa yataka mtu wa cheti hiki awe amefikia miaka 17, amepimwa na daktari, amefaulu mitihani, na ameruka saa zisizopungua 40, au 35 kama amesoma katika shule iliyokubaliwa. Katika hizo, saa 10 awe peke yake, na safari moja iwe ya kilomita zisizopungua 270, akishuka na kusimama katika viwanja viwili tofauti. Ndugu zangu, saa 40 si nyingi. Ni kama juma moja la kazi ya mwalimu. Hata mtu akiisha kupewa cheti, amepewa ruhusa ya kuanza kujifunza pasipo mwalimu kando yake.

Hayo sikuyajua wakati ule. Kanisa letu jipya la mawe lilikuwa karibu kuwekwa wakfu. Basi Jumapili moja nikasimama mbele ya watu wote nikatangaza ya kwamba siku ya sherehe mwana wetu atakuja kwa eropleni, atashuka katika kiwanja cha kijijini, na baada ya ibada atampandisha mama yake aione nchi yake toka juu. Watu wakapiga vigelegele. Akina mama wakaanza kushona sare. Wala kijana mwenyewe sikuwa nimemwuliza.

Jioni nikampigia simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, nashukuru. Lakini nipe nafasi nimwulize mzee aliyenifundisha."

Nikaudhika. Nikamwambia, "Cheti unacho, eropleni ya kukodi ipo, kiwanja kipo. Wauliza nini tena?"

Akajibu kwa upole, "Mwalimu, ni hicho kiwanja."

Kiwanja chetu kilikatwa zamani kwa ajili ya eropleni za madaktari. Ni cha majani. Upande mmoja pana mikorosho mirefu, upande wa pili bonde, na katikati ng'ombe hulisha kama malishoni kwao. Kwa macho yangu ni uwanja mpana, wa kutosha mpira na zaidi.

Yule mzee, rubani wa miaka mingi, alipokwisha kusikia habari ile hakumkataza kijana. Alimwuliza tu, "Katika kiwanja hicho kuna mambo mangapi ambayo hujayafanya bado?" Kijana akahesabu kwa vidole. Hajashuka katika majani, amezoea lami. Hajashuka katika kiwanja kifupi. Hajashuka penye mteremko. Hajashuka penye umati wa watu na wanyama. Na la tano, hajapata kumchukua mama yake. Mzee akasema, "Mambo matano mapya kwa safari moja. Mtu aweza kulishinda moja, pengine mawili. Matano yatakushinda wewe. Chagua kiwanja chenye jambo jipya moja tu. Ukilizoea hilo, ongeza la pili."

Neno hilo, ndugu wasomaji, ndilo mzizi wa habari hii yote: jambo jipya moja kwa safari moja.

Kisha akampa maswali manne ya kuuliza juu ya kila kiwanja, kabla hata ya kuigusa eropleni. Nitayaeleza kama kijana alivyonieleza.

Swali la kwanza ni urefu wa kiwanja pamoja na kimo chake juu ya bahari. Mambo haya mawili hayatengani. Mahali palipo juu hewa ni nyepesi, na joto huifanya nyepesi zaidi. Bawa hushika hewa, na injini nayo huvuta hewa. Ikiwa nyepesi vyote viwili hudhoofika. Kiwanja cha Wilson kiko futi 5,536 juu ya bahari. Siku ya joto la digrii 25, hewa ya pale huwa nyepesi kama ya mahali penye kimo cha futi 8,000 katika hali ya kawaida. Eropleni ndogo ya watu wanne yaweza kuhitaji mara mbili ya urefu ambao ingeuhitaji ufuoni ili iondoke chini. Ndiyo maana rubani mwenye busara huondoka alfajiri, kama mkulima aendaye shambani kabla ya jua kali.

Swali la pili ni upepo. Eropleni hupenda kushuka na kupaa ikiukabili upepo. Kiwanja hupewa tarakimu kwa kufuata dira: namba 07 yaelekea karibu na mashariki, na ncha yake ya pili ni 25. Wilson ina njia mbili zinazokatana, 07 na 25, na 14 na 32, ili upepo ukigeuka rubani apate njia ya kuukabili. Lakini viwanja vingi vya vijijini vina njia moja tu, na upepo ukija wa ubavuni ni kazi ngumu kwa mgeni. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa sana hapa. Manahodha wetu walijua msimu wa Kaskazi na msimu wa Kusi, wala hakuna aliyetweka tanga bila kuuliza upepo. Rubani ni nahodha wa hewani.

Swali la tatu ni nani mwingine yuko pale. Mtu aweza kudhani kiwanja kikubwa ni salama kwa kuwa ni kikubwa. Kiwanja cha Jomo Kenyatta kina njia ya zaidi ya mita 4,000, lakini eropleni kubwa ikiisha kupita, huacha nyuma ya mabawa yake upepo wa kuzunguka uwezao kuipindua ndogo, yapasa kungoja. Tena redio husema upesi, na asiyezoea huchanganyikiwa. Wilson nayo ina eropleni nyingi. Tarehe 5 Machi 2024 eropleni ndogo ya mafunzo na eropleni ya abiria ziligongana juu ya Mbuga ya Nairobi, karibu na kiwanja hicho. Wale wawili waliokuwa katika ndogo wakafariki, na ile kubwa ikarudi na watu wake salama. Kijana wetu alikuwa kazini siku ile. Hapendi kuisimulia.

Swali la nne ni la mafuta na la kurudi. Kufika si kurudi. Eropleni aliyoikodi hubeba lita 150 za kutumika, na kwa saa moja hula lita 35. Basi yaweza kuruka saa nne na kidogo. Lakini sheria yataka ibaki akiba ya angalau nusu saa mchana, na mzee yule alitaka ibaki saa nzima. Tena si kila kiwanja kina mafuta, na si kila mafuta yafaa. Eropleni kubwa hutumia mafuta ya namna ya taa; hizi ndogo za injini ya pistoni hutumia petroli ya eropleni, ambayo hutiwa rangi ya buluu ili ijulikane. Mtu akitiwa isiyo yake, injini yaweza kuzimika akiisha kupaa. Kwa hiyo rubani husimama mwenyewe wakati wa kutiwa mafuta, akatazama rangi kwa macho yake.

Na baada ya maswali manne, mzee akaongeza mawili ambayo hayamo vitabuni. Moja: "Kiwanja hicho kikikataa, utakwenda wapi?" La pili: "Unakwenda kwa ajili ya nani?" Kijana akaniambia kwamba hili la mwisho lilimchoma, kwa sababu alijua ya kuwa hakwenda kwa ajili ya mama yake. Alikwenda kwa ajili ya vigelegele. Nami niliposikia nalichomwa zaidi, kwa kuwa vigelegele vile nalivianzisha mimi.

Sasa nitawaeleza viwanja alivyochagua.

Cha kwanza kilikuwa Nanyuki, kiasi cha kilomita 150 kaskazini ya Nairobi. Jambo jipya lilikuwa kimo na milima. Kiwanja hicho kiko zaidi ya futi 6,000 juu ya bahari, na njia yake hupita kati ya milima ya Aberdare na Mlima Kenya wenye mita 5,199. Kwa kuwa milima si ya kufanyia mzaha, mzee akakaa kando yake. Wakaondoka mapema, wakarudi kabla ya mawingu ya adhuhuri kuifunga njia. Wakiwa huko, mzee akamwonyesha jinsi upepo unavyopanda upande mmoja wa mlima na kushuka upande wa pili, na ya kuwa eropleni iliyo katika upepo ushukao yaweza kushushwa hata kama injini yanguruma kwa nguvu zote.

Hapa naomba niwakumbushe habari ya ndugu zetu. Mwaka 1948 Jack Hemmings na Stuart King, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha eropleni za misheni cha Uingereza, walikuwa wakizunguka nchi za Afrika ili kuona mahali penye haja. Eropleni yao ikaanguka katika milima ya Burundi. Kwa rehema ya Mungu wote wawili wakatoka hai. Naye Hemmings alikuwa rubani wa vita, na King mhandisi wa jeshi la anga, si wanafunzi. Hawakuiacha kazi, na eropleni za chama kile hushuka hata leo katika viwanja vya vijiji vingi vya Afrika. Basi mlima hauulizi kama umekuja kwa kazi njema au mbaya.

Cha pili kilikuwa Voi, karibu kilomita 300 kutoka Nairobi. Jambo jipya lilikuwa umbali, tena peke yake. Akapiga hesabu ya mafuta: kwenda na kurudi ni kilomita 600, na eropleni yake huenda kilomita 190 kwa saa, yaani saa tatu na dakika kumi hivi, ambazo zala lita 111. Ongeza lita 35 za akiba, jumla 146. Zabaki lita 4. Akampelekea mzee karatasi kwa furaha, kwamba yatosha. Mzee akasema, "Yatosha kama upepo ukilala. Ukiamka mbele yako, je?" Kijana akarudi nyumbani siku ile bila kuruka. Juma la pili utabiri ukawa wa upepo mwororo, naye akaenda, akiifuata reli chini yake kama mtu afuataye mto, na kila kituo akakitia alama katika karatasi kwa saa aliyokipita.

Pale Voi alikumbuka jambo aliloambiwa. Mwaka 1931, tarehe 14 Mei, Mwingereza mmoja mwindaji, Denys Finch Hatton, aliondoka Voi kwa eropleni yake ndogo, na mara baada ya kupaa ikaanguka ikawaka moto. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya bwana yule. Lakini ndani ya eropleni alikuwamo na mtumishi wake, Mkikuyu aliyeitwa Kamau, naye akafa pamoja naye. Kijana akaniambia, "Mwalimu, nalimfikiri Kamau kuliko mwenye eropleni. Abiria hajui kusoma upepo. Hajui urefu wa kiwanja. Ameingia kwa sababu amekuamini." Hapo ndipo alipofahamu kwa nini mzee alimhesabia mama yake kuwa jambo la tano.

Cha tatu kilikuwa Malindi. Jambo jipya lilikuwa upepo wa baharini. Kiwanja kile kina lami, nacho kiko karibu na usawa wa bahari, hewa ni nzito, injini hufurahi. Lakini mchana upepo wa bahari huvuma kwa nguvu, na joto la nchi kavu huitikisa eropleni kama mashua juu ya mawimbi. Kabla ya kuondoka Nairobi alipiga simu akaahidiwa mafuta, maana kwa njia ya Voi ni kilomita zaidi ya 470, asingeweza kurudi bila kuongeza. Mara ya kwanza alipotaka kushuka upepo ukamsukuma kando. Akatia nguvu, akapanda tena, akazunguka, akashuka mara ya pili vizuri. Kupanda tena namna ile si aibu kwa marubani. Mwalimu mwema husifu kupanda tena kuliko kushuka kwa nguvu.

Wakati huo siku ya kuweka wakfu kanisa ilikuwa imekaribia. Kijana akaja nyumbani siku tano mbele, kwa basi, na mkononi ana kamba ya kupimia ya mita 50. Akaniambia, "Mwalimu, njoo unishikie ncha ya pili." Tukakipima kiwanja chetu tangu bondeni hata mikoroshoni. Nilidhani ni mita elfu na zaidi. Kamba ikaenda mara 16. Mita 800. Akapima na mteremko kwa chupa ya maji na mti ulionyoka, akaona ya kuwa nchi yapanda mita 2 katika kila mita 100 kuelekea mikorosho.

Kisha tukaketi chini ya mkorosho, akaandika hesabu mbele yangu. Nami naiandika hapa ili walimu wa hesabu waweze kuwapa watoto.

Kitabu cha eropleni chasema kwamba ikiwa na watu wanne, katika joto la mchana la kwetu, yahitaji mita 560 za njia kavu ngumu ili ipae na kuvuka kitu chenye kimo cha futi 50, kama mkorosho. Mamlaka ya anga ya Uingereza huwafundisha warubani kuongeza hivi: kwa majani makavu sehemu 20 katika mia, basi 560 yawa 672. Kwa kupanda mteremko wa 2 katika mia, ongeza sehemu 10 katika mia, yawa 739. Kisha zidisha kwa 1.33 kwa ajili ya usalama, kwa kuwa kitabu kilipimwa na rubani hodari katika eropleni mpya. Yawa mita 983. Nasi tunazo 800.

Nikamwuliza, "Na ukiwa peke yako?" Akasema, "Asubuhi na mapema, peke yangu, kitabu chanipa 400." Tukapiga tena: 480, kisha 528, kisha 702. "Hapo kiwanja chatosha," akasema. "Lakini majani yakiwa na umande au mvua, sehemu 20 zawa 30, na nafasi yazidi kupungua. Na mama hapandi hapa."

Ndugu zangu, nalitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Tofauti ya 983 na 800 ni mita 183. Na pale mwisho wa mita 800 imesimama mikorosho, na chini ya mikorosho ile mimi nalikuwa nimepanga kuwaweka watoto wa shule waimbe.

Usiku ule nikasoma tena katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, habari ya safari ya Paulo. Merikebu yao ilikuwa mahali paitwapo Bandari Nzuri, katika Krete. Bandari ile haikuwa njema sana kwa kukaa wakati wa baridi, na wengi wakataka kwenda nyingine iliyo bora. Paulo akawaonya. Lakini yule akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Kisha ukavuma upepo mwororo, wakadhani wamepata walilolitaka. Mnajua mwisho wake: tufani, giza la siku nyingi, na merikebu kuvunjika Malta, ingawa roho zote 276 ziliokoka kwa neema. Walipotea kwa sababu ya kuchagua bandari kwa hamu. Nami nalikuwa yule akida.

Siku ya sherehe kijana aliingia kanisani kwa miguu pamoja na watu wengine. Kabla ya mahubiri nikasimama nikaungama mbele ya kusanyiko kwamba nalitangaza jambo ambalo halikuwa langu kutangaza. Watu wengine walicheka, na vijana wakambandika jina, Rubani wa Basi. Mama yake akageuka akawaambia, "Huyu wa basi nimemwona leo kwa macho yangu. Huyo wenu wa eropleni ningemwona wapi?" Wakanyamaza.

Miezi minne ikapita. Katika miezi hiyo akajifunza majani katika kiwanja kirefu, mwalimu akiwa kando yake, kisha majani katika kiwanja kifupi, kisha mteremko. Jambo moja kwa safari moja. Ndipo Jumamosi moja akalala Malindi, na asubuhi akaja kwetu peke yake. Tulikuwa tumewafukuza ng'ombe tangu alfajiri, na watoto tumewaweka mbali, nyuma ya kamba. Nami nalifunga kitambaa chekundu juu ya mti mrefu kama alivyoniagiza, ili auone upepo. Eropleni ikaja, ikazunguka mara mbili, ikashuka chini sana juu ya majani, kisha ikanguruma ikapanda ikaenda zake. Watoto wakalia. Baadaye akatueleza kwa simu toka Malindi: mvua ya usiku ilikuwa imeyalowesha majani, na kitambaa changu kilionyesha upepo wa nyuma. Alikuwa na mafuta ya kurudi, na mahali pa kurudi alikuwa amepachagua tangu jana yake.

Siku ile nalimheshimu kupita siku aliyopata cheti.

Juma lililofuata majani yalikuwa makavu. Akaja tena, akashuka polepole, akasimama na mita nyingi zimebaki mbele yake. Watu wakaimba. Akanywa chai kwa mama yake, kisha kabla jua halijawa kali akapaa peke yake. Mama naye akapanda matatu hadi Malindi, nami nikamsindikiza. Pale, katika njia ndefu ya lami, mwana wake akamfunga mkanda, akampandisha, akamzungusha juu ya pwani na juu ya kijiji. Aliposhuka nikamwuliza ameona nini. Akasema, "Nimeona paa la kanisa, na nimeona jinsi mikorosho ilivyo karibu."

Basi, wasomaji wapenzi, tuyachukue haya nyumbani. Wazazi, mwana wako akihitimu kazi yo yote, iwe ualimu, uganga, ufundi au uendeshaji wa gari, usimharakishe kuja kukuonyesha kabla hajawa tayari. Mwulize, Lina mambo mangapi mapya? Walimu, mnapompeleka mwalimu kijana, msimpe siku moja darasa kubwa, shule ya mbali, na watoto wakorofi, kisha mkashangaa akianguka. Mpeni jambo moja, halafu la pili. Nanyi vijana mliopata vyeti, kumbukeni ya kwamba cheti chasema umeruhusiwa. Hakisemi kiwanja kinatosha. Kamba ndiyo isemayo. Ukiona hakitoshi, hata kama mji wote wakungoja, panda tena ukarudi ulikotoka salama. Walio nyuma yako wamekuamini, kama Kamau alivyoamini.

Ile kamba ya mita 50 kijana ameniachia. Imetundikwa ukutani katika chumba cha sakristia, nami kila nitakapo kutangaza jambo la mtu mwingine, huitazama kwanza.

Bwana awalinde katika safari zenu zote, za nchi kavu, za majini na za hewani.